Hoyle: Mzee aliyeweka sheria za haki kwenye karata

MWAMBA ngoma, walisema wahenga, huvutia kwake. Methali hiyo yaeleza barabara hofu iliyowakabili wacheza karata wa London katika karne ya 18. Aliyegawa karata alikuwa pia mchezaji, na kosa lake lingeweza kumnufaisha yeye mwenyewe.

Aliyejitwika jukumu la kuandika namna ya kuamua makosa hayo ni Mwingereza Edmond Hoyle. Zaidi ya miaka 250 tangu afariki, jina lake lingali latajwa popote karata zichezwapo kwa kanuni.

Hoyle anaaminika kuwa alizaliwa mnamo 1672, lakini sifa zake zilivuma uzeeni. Katika miaka ya 1720, waungwana wa London walianza kuupenda mchezo wa wisti, ambao awali ulidharauliwa kuwa wa watumishi na watu wa tabaka la chini. Hoyle aliufahamu mchezo huo kwa undani, akawa anawafunza matajiri kwa malipo.

Wisti huchezwa na watu wanne walio katika pande mbili. Karata 52 hugawanywa, kila mmoja akapata 13. Karata ya mwisho, ambayo ni ya mgawaji, hufunuliwa mezani na aina yake huwa ndiyo turufu. Hivyo basi, kugawa kulikuwa na faida yake, kwani mgawaji alikuwa na hakika ya kupata angalau turufu moja.

Karata ilipofunuka kwa bahati mbaya wakati wa kugawa, mzozo ulikuwa karibu. Aliyepata karata nzuri alitaka mchezo uendelee, ilhali aliyepata mbovu alidai zigawanywe upya. Kila mmoja alivutia kwake, na fedha zilikuwa tayari zimewekwa dau.

Mnamo 1742, akiwa na umri wa takriban miaka 70, Hoyle alichapisha kijitabu kuhusu wisti. Kiliuzwa kwa gini moja, yaani shilingi 21 za Uingereza, bei iliyowashinda watu wengi wa kawaida. Pamoja na mbinu za uchezaji, kilikuwa na sheria za mchezo.

Kwa mujibu wa sheria hizo, karata ikifunuka wakati wa kugawa, upande wa pili ndio uliokuwa na hiari ya kudai ugawaji urudiwe. Mgawaji hakuruhusiwa kujiamulia. Hata hivyo, iwapo mmoja wa wapinzani ndiye aliyesababisha karata hiyo kufunuka, hiari ilimrudia mgawaji.

Msingi wa sheria hiyo ulikuwa rahisi: aliyekosea asifaidi kosa lake, na asiyekosea asitumie hila kuzua kosa ili alifaidi.

Aidha, Hoyle hakumwachia mgawaji mzigo wote. Kila mchezaji alipaswa kuhakikisha kwamba amepewa karata 13. Aliyecheza na 12 bila kugundua hadi mchezo ukawa umesonga mbele, hali wenzake wana idadi sahihi, hakuweza kuuvunja mchezo. Lakini ikiwa miongoni mwa wenzake kulikuwa na mwenye karata 14, mgawaji alipoteza zamu yake ya kugawa.

Yaonekana wazi kwamba Hoyle hakulichukulia kila kosa kuwa wizi. Kuteleza si kuanguka. Alichotaka ni uamuzi ujulikane kabla ya karata kugawanywa, ili asiwepo wa kuutunga akiwa tayari ameziona karata zake.

Ajabu ni kwamba mtetezi huyo wa haki hakutendewa haki na baadhi ya wachapishaji. Punde baada ya kitabu kutoka, walikinakili na kukiuza kwa bei nafuu. Mnamo 1743 Hoyle alimuuzia haki za kitabu hicho Francis Cogan, muuza vitabu wa London, kwa gini 100. Cogan alilazimika kuteremsha bei, na Hoyle akawa anatia sahihi nakala halali ili wanunuzi wazitambue.

Mzee huyo hakukata tamaa. Aliandika kuhusu michezo mingine, ukiwemo sataranji mnamo 1761. Mnamo 1754 alikuwa ametoa kitabu cha kurahisisha hesabu za bahati kwa wasomaji wasio wataalamu.

Hoyle alifariki London mnamo Agosti 29, 1769, akazikwa Marylebone. Sheria zake za wisti, zilizofanyiwa marekebisho na wanachama wa vilabu vya London mnamo 1760, zilitawala hadi 1864, vilabu vya Arlington na Portland vilipotoa sheria mpya.

Alipofariki, mchezo wa poka ulikuwa haujazaliwa. Ulichipuka nchini Marekani katika karne ya 19. Hata hivyo, ukumbi wa heshima wa wachezaji poka ulipoanzishwa Las Vegas mnamo 1979, Hoyle alikuwa miongoni mwa watu saba wa kwanza kuenziwa, ingawa hakuwahi kuucheza.

Heshima hiyo haikuwa bure. Katika kumbi za poka za siku hizi, mgawaji ni mwajiriwa asiyecheza, lakini angali binadamu na hukosea. Kwa kawaida, kosa kubwa likigunduliwa mapema, karata hukusanywa zikagawanywa upya. Wachezaji kadhaa wakishaweka dau bila kulalamika, mchezo huendelea. Aliyenyamaza ili aone kwanza kama kosa litamfaa huwa amechelewa.

Fikra hiyo haiko mbali na ile ya mwenye karata 12 aliyesahau kuzihesabu. Vilabu alivyovijua Hoyle vilikuwa na wenyewe, na sheria zake za wisti zilikwisha kubadilishwa. Kilichosalia ni funzo kwamba kosa la mgawaji haliamuliwi na mwenye sauti kubwa, wala na mwenye karata nzuri, bali na kanuni iliyokubaliwa na wote kabla hawajaketi.