Connie Mack, kocha aliyeubomoa ubingwa wake mwenyewe

Mwaka 2024 timu ya besiboli ya Chicago White Sox ilipoteza mechi 121 katika msimu mmoja, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na timu yoyote ya ligi kuu za Marekani tangu mwaka 1900. White Sox, hata hivyo, walicheza mechi 162. Ukipimwa uwiano wa ushindi na mechi zilizochezwa, timu iliyovurunda kuliko zote katika kipindi hicho ingali Philadelphia Athletics ya mwaka 1916, iliyoshinda mara 36 na kushindwa mara 117. Jambo la ajabu ni kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo timu hiyo ilikuwa bingwa wa ligi yake, na kwamba aliyeivunja ni mtu yuleyule aliyeijenga.

Mtu huyo ni Connie Mack. Alizaliwa Desemba 22, 1862 katika mji mdogo wa East Brookfield, jimbo la Massachusetts, katika familia ya wahamiaji kutoka Ireland, akapewa jina la Cornelius McGillicuddy. Alianza kazi angali kijana katika kiwanda cha viatu, kisha akaingia katika besiboli kama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji. Hakuwa mchezaji wa kutisha, lakini alikuwa na jicho la kumsoma mwenzake. Mwaka 1892 mkewe wa kwanza alifariki dunia na kumwachia watoto watatu. Miaka miwili baadaye alikuwa tayari kocha wa Pittsburgh.

Ligi mpya ya American League ilipojitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901, Mack alikabidhiwa timu ya Philadelphia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na hakuvaa sare kama makocha wengine. Alikaa kwenye benchi la timu akiwa na suti, tai na kofia, akipunga karatasi ya matokeo kuwaelekeza wachezaji mahali pa kusimama. Tofauti na wengi wa zama zake, alipenda kuwasajili vijana waliopitia vyuoni, akiamini kwamba mchezaji anayefikiri hahitaji kukaripiwa. Imani hiyo ilizaa matunda: kati ya mwaka 1910 na 1914 Athletics walitwaa ubingwa wa ligi mara nne na kushinda World Series mara tatu. Walinzi wake wanne wa ndani, Stuffy McInnis, Eddie Collins, Jack Barry na Frank Baker, walikuwa fahari ya jiji zima.

Kisha ikaja fedha. Mwaka 1914 Federal League ilijitangaza kuwa ligi kuu ya tatu na kuanza kuwarubuni wachezaji kwa mishahara minono. Mahudhurio katika uwanja wa Shibe Park yalikuwa yamepungua, kana kwamba watu wa Philadelphia wamechoshwa na ushindi. Oktoba mwaka huo Athletics walifungwa mechi nne mfululizo katika World Series na Boston Braves, timu iliyokuwa ikiburuza mkia wa ligi yake mwezi Julai. Mack, ambaye wakati huo alimiliki nusu ya klabu, aliamua kutoshindana kwa mishahara. Warushaji Eddie Plank na Chief Bender wakahamia Federal League. Collins aliuzwa Chicago kwa dola 50,000. Barry akapelekwa Boston, na mrushaji Bob Shawkey akauzwa kwa New York Yankees. Baker aligoma msimu mzima wa 1915 kwa sababu ya mkataba wake, naye mwishowe akauzwa kwa Yankees.

Kwa mfanyabiashara asiye na akiba nje ya mchezo, hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Kosa lake lilikuwa la wakati: Federal League ilivunjwa Desemba 1915, kabla ya msimu wa aibu kuanza. Adui aliyemfanya auze hakuwepo tena, na waliouzwa hawakuweza kurudi.

Mwaka 1916 Mack aliingia uwanjani na vijana wasiojulikana na mkongwe Nap Lajoie, aliyekuwa akimalizia safari yake akiwa na umri wa miaka 41. Mrushaji Jack Nabors alishinda mechi moja na kupoteza 20. Mwenzake Tom Sheehan alishinda moja na kupoteza 16. Kati ya Julai na Agosti timu ilipoteza mechi 20 mfululizo. Timu iliyowatangulia kutoka mkiani, Washington, ilishinda mechi 76, arobaini zaidi yao. Huko New York, Shawkey peke yake alishinda 24. Nuru ilipenya siku moja, Agosti 26, pale Joe Bush alipowazuia Cleveland kupata pigo hata moja la kuwafikisha kwenye kituo cha kwanza.

Kocha mwingine angetimuliwa. Mack hakuwa na wa kumtimua, kwani alikuwa sehemu ya mwajiri wake mwenyewe. Athletics walishika mkia miaka saba mfululizo, hadi 1921, naye akabaki pale pale na suti yake, akianza upya. Ilimchukua hadi 1929 kurudi kileleni. Alitwaa World Series mwaka huo na uliofuata akiwa na Lefty Grove, Jimmie Foxx, Al Simmons na Mickey Cochrane. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipobana, aliwauza wote wanne, mmoja baada ya mwingine.

Safari hii hakujenga tena. Aliendelea kuongoza hadi 1950, akiwa na miaka 87, na msimu wake wa mwisho nao uliishia mkiani. Katika miaka 50 ya Philadelphia na ile michache ya Pittsburgh alishinda mechi 3,731 na kupoteza 3,948. Hakuna kocha aliyeshinda zaidi yake, wala aliyeshindwa zaidi yake. Uwanja wa Shibe Park ulipewa jina lake mwaka 1953. Mwaka uliofuata klabu iliuzwa na kuhamishiwa Kansas City, na Mack akafariki dunia Philadelphia Februari 8, 1956, katika jiji ambalo Athletics hawakuwemo tena.