Okot p'Bitek: Msee aliyewacha boli majuu, akajengwa na stori za mathe wake

Kama umekulia pande za Kiambere, hii si ngeni kwako. Giza limeingia, githeri bado iko motoni, na cucu anaanza ile ya sungura na fisi. Mnacheka mpaka mnasahau njaa. Kesho yake shuleni, ukiongea Kimbeere unavishwa diski shingoni, ni kama zile stori za cucu ni aibu.

Basi kuna jamaa aliyekataa kuona aibu. Anaitwa Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Budake alikuwa mwalimu. Lakini moto wenyewe ulikuwa kwa mathe wake, Lacwaa Cerina. Mama huyo alitunga nyimbo, akacheza ngoma na kusimulia ngano kinoma. Waacholi huketi kuzunguka moto wa jioni, wanauita wang oo, na hapo ndipo watoto hupewa hadithi, vitendawili na methali. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza.

Halafu ikaja shule ya Kizungu. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo, ile ya watoto wakali wa Uganda. Wengi wakifika hapo walisahau kwao. Yeye mwaka 1953, akiwa bado kijana mdogo, akatoa riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, tena kwa Kiacholi. Ni stori ya kijana fukara anayeenda Kampala kusaka chapaa ya mahari.

Na usidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Boli alijua! Miaka ya 1950 alienda Uingereza na timu ya Uganda, na mechi zilipoisha akabaki huko kusoma. Alipitia Bristol, akasomea sheria Aberystwyth, kisha Oxford. Huko Oxford ndiko mambo yalichacha. Wahadhiri waliwaita Waafrika washenzi mbele yake. Kumbuka huyo anayeitwa mshenzi ni mathe wake. Okot aliwapinga hapo hapo darasani, na baadaye akaandika kitabu kizima kuwajibu.

Mwaka 1966 akaangusha bomu: Song of Lawino, iliyochapishwa hapa Nairobi. Shairi refu ambalo anayeongea ni mke wa kijijini, Lawino, anayechekwa na bwanake Ocol kwa sababu hajasoma. Lawino hanyamazi. Anajibu kwa methali, kwa mafumbo, kwa mtindo wa nyimbo za Kiacholi. Ukijua alilelewa na nani, huwezi kushangaa kwamba sauti aliyochagua ilikuwa ya mwanamke.

Mwaka huo huo alipewa usukani wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda, lakini hakukaa sana. Alikosana na serikali ya Obote, akahamia Kenya. Alianzia Kisumu, ambako 1968 aliandaa tamasha la sanaa, kisha akafunza Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nairobi nayo ilikuwa inachemka. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban Lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati. Okot akaja kufunza kwenye mwamko huo. Mwaka 1978 akatoa Hare and Hornbill, mkusanyiko wa ngano. Ndio, sungura yule yule wa jikoni, sasa amekaa kwenye maktaba.

Alirudi Makerere na kufariki Julai 1982, akiwa na miaka 51 pekee. Lakini moto haukuzima. Bintiye, Juliane Okot Bitek, pia ni mshairi anayetambulika.

Leo mtoto wa Kiambere anafunzwa fasihi simulizi darasani na anaulizwa maswali yake kwenye mtihani. Zile stori zilizokuwa zinaletea watu diski sasa zinaleta maksi. Bwawa letu limetoa stima tangu 1988, na simu ziko kila mfuko. Lakini cucu hatakuwepo milele. Wikendi hii ukienda ocha, mketie karibu, washa rekoda, umwache aongee.