Ilya Mechnikov

Ilya Ilyich Mechnikov (karibu na Kharkiv, leo nchini Ukraine, 15 Mei 1845 – Paris, Ufaransa, 15 Julai 1916) alikuwa mwanabiolojia kutoka Dola la Urusi. Hukumbukwa hasa kwa kugundua kazi ya seli nyeupe za damu zinazomeza vijidudu. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Paul Ehrlich.

Maisha

Alisoma sayansi asilia katika Chuo Kikuu cha Kharkiv, akamaliza masomo ya miaka minne kwa miaka miwili. Kuanzia 1870 alikuwa profesa mjini Odessa. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1873, na Mechnikov akajaribu kujiua kwa afyuni. Alioa tena mwaka 1875. Mke huyo wa pili, Olga, ndiye aliyeandika baadaye habari za maisha yake. Mwaka 1882 alijiuzulu kwa sababu ya vurugu za kisiasa chuoni, akahamia Messina, kisiwani Sicilia.

Mwiba wa waridi

Huko Messina alichunguza kwa hadubini lava wa kiti cha pweza, ambao mwili wao hupenya nuru kama kioo. Aliwachoma miiba ya waridi chini ya ngozi, na asubuhi iliyofuata akakuta seli zinazotembea zimeuzunguka kila mwiba. Jaribio ni dogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Lava hao hawana mishipa ya damu, ilhali wataalamu wengi wa wakati ule walieleza inflamesheni kuwa hitilafu ya mishipa hiyo. Tena, seli nyeupe zilizoonekana ndani ya usaha zilidhaniwa kubeba vijidudu na kuvieneza mwilini. Mechnikov alishika kinyume chake: zimekuja kupigana. Mwaka 1883 akaziita fagositi, yaani seli zinazokula.

Wanasayansi wengi wa Ujerumani walimpinga kwa miaka, wakisema kinga imo katika majimaji ya damu. Leo tunajua kwamba pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Nani aliziita?

Swali gumu zaidi lilikuwa jinsi seli zinavyojua penye jeraha. Mwaka 1888 Theodor Leber, daktari wa macho Mjerumani, alionyesha kwamba seli nyeupe huvutwa na kemikali. Mechnikov aliipokea hoja hiyo katika mihadhara yake juu ya inflamesheni, iliyochapishwa mwaka 1892, lakini kemikali zenyewe hakuzifahamu. Zilianza kutambuliwa muda mrefu baada ya kifo chake. Mojawapo, interlukini-8, ilitambuliwa mwaka 1987. Ngozi ikijeruhiwa, seli zake hutoa kemokini za aina hiyo. Kuta za mishipa midogo ya karibu hunata, seli nyeupe zinazopita hubiringika juu yake, hushika, kisha hujipenyeza nje na kufuata kemikali kule zinakozidi. Katika ugonjwa wa soriasi wito huo haukomi, na seli huendelea kujaa kwenye ngozi ingawa hakuna mwiba wowote.

Paris

Kuanzia 1888 hadi kifo chake alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur. Uzeeni alisifu maziwa ya mgando kama njia ya kurefusha maisha, dai ambalo ushahidi wake ulikuwa hafifu kuliko ule wa miiba. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi hiyo.