Aliuza Mbuzi, Akasaka Dhahabu, Akaishia Kuwa Baba ya Simba: Hustle ya George Adamson wa Isiolo

Hebu hesabu kazi zote umewahi kufanya. Mjengo, boda, duka la M-Pesa, kuuza miraa stage ya Isiolo. Sasa jiulize ni gani ungeamkia hata kama hakuna mtu anakulipa. Kama bado hujapata jibu na thelathini inabisha hodi, tulia kiasi. Kuna msee alifika miaka 32 ndio akaangukia kazi yake, na base yake ilikuwa hapa hapa Isiolo.

Anaitwa George Adamson. Alizaliwa India mwaka 1906, akatua Kenya 1924 akiwa barobaro wa miaka 18. Mzae wake alikuwa na shamba la kahawa, so kazi ya kwanza ilikuwa ya familia. Unajua vile hizo huenda: unafanya kwa sababu uko hapo, si kwa sababu unaipenda. Kahawa haikumshika.

Akaingia mtaani, ama tuseme msituni. Akafanya biashara ya mbuzi. Akasaka dhahabu, hadi akafika kule Ziwa Turkana, enzi hizo likiitwa Rudolf, na hakutoka na utajiri wowote. Akapeleka matajiri kuwinda. Ukiangalia CV yake ya miaka ya thelathini ungesema huyu jamaa amepotea njia. Lakini cheki kitu kimoja: kila hustle ilikuwa inampeleka mbali zaidi na town. Mbuzi zilimfundisha kutembea jua kali, dhahabu ikamfundisha kuishi na maji kidogo, uwindaji ukamfundisha kusoma nyayo. Pesa haikuja, ujuzi ulikuja.

Mwaka 1938 serikali ya mkoloni ikamwajiri kuwa afisa wa wanyamapori wa Northern Frontier District, makao Isiolo. Eneo lake lilikuwa kubwa ajabu, na patrol zingine alizipiga na ngamia. Hapa tusidanganyane: hiyo nafasi ya ubosi haikuwa wazi kwa kila mtu. Mturkana au Mborana aliyejua pori kumshinda angeajiriwa kuwa scout, basi. George alikuwa na bidii, lakini pia alikuwa na rangi iliyofungua mlango.

1944 akaoa Joy, ambaye pia alikuwa amerukaruka. Huyu mama alisomea piano, akajaribu uchongaji, akafikiria udaktari, kabla ya kupata jina Kenya kwa kuchora maua na picha za watu wa makabila yetu.

Halafu ikaja 1956. George alikuwa anafuatilia simba aliyeua mtu, simba jike akamrukia, akapigwa risasi. Kumbe alikuwa na watoto watatu wamefichwa kwenye mawe. Akawabeba hadi nyumbani. Wawili wakapelekwa zoo ya Rotterdam, yule mdogo akabaki Isiolo. Ndiye Elsa. Nuru ndiye alikuwa mlezi wake wa kila siku na Makedde alikuwa scout, ingawa dunia ilikuja kushika majina ya wazungu wawili tu.

Elsa alifundishwa kuwinda, akaachiliwa upande wa Meru, akazaa huko porini. Joy akaandika Born Free, ikatoka 1960 na kuvuma kila mahali. Filamu ikafuata 1966 na kubeba Oscar mbili. Lakini Elsa mwenyewe alikufa mapema 1961. Mwaka huo huo George akaacha kazi ya serikali.

Angeweza kukaa akule pension. Badala yake akaanza upya: kurudisha simba waliolelewa na watu porini. 1970 akahamia Kora, karibu na Mto Tana, na mmoja wa simba wake wa kwanza huko alikuwa Christian, aliyenunuliwa dukani London. Watu wakamwita Baba ya Simba.

Usidhani dream job ni raha mwanzo mwisho. 1971 simba wake Boy aliua mfanyakazi wa kambi, na George akalazimika kumpiga risasi kwa mkono wake. Familia ilibaki bila mtu wao, na swali kama ile kazi ilistahili hiyo bei halijawahi kuisha. Ndoa nayo ilipoa, kila mtu akaishi kambi yake. Joy akauawa Januari 1980 kule Shaba, Isiolo.

Tarehe 20 Agosti 1989, majambazi walivamia watu wake Kora. Mzee wa miaka 83 akawasha gari akaenda kuwaokoa. Akauawa kwa risasi, pamoja na wafanyakazi wake wawili. Alizikwa hapo hapo Kora, ambayo baadaye ilifanywa mbuga ya kitaifa.

Siku hizi ukienda Shaba au Buffalo Springs, wanaolinda wanyama ni Wakenya, na ubosi hauangalii rangi tena. So kama leo unachunga mbuzi za shosho huko Merti ama unaendesha probox ya Meru, usiidharau. Angalia tu inakufunza nini, na inakupeleka upande gani. Na ukishapata ile yako, jiulize mapema: uko tayari kuilipia kiasi gani?