Daktari aliyegombana na nduguye kwa ajili ya sukari

Mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, dadangu anayeshona nguo EPZ Athi River hupitia supermaketi kumnunulia mwanawe nafaka za kumwagia maziwa asubuhi. Siku hizi anachukua ile ya sukari kidogo. Bei iko juu, lakini afya ya mtoto kwanza, si ndiyo? Ngoja nikupe stori ya jamaa aliyeanza huu mjadala.

John Harvey Kellogg alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1852, katika familia ya Waadventista. Alisomea udaktari, na 1876 akakabidhiwa hospitali ya Battle Creek. Huko wagonjwa walisahau nyama, kahawa na pombe. Ndugu yake mdogo, Will Keith, alishika vitabu vya hesabu.

Mwaka 1894 ngano waliyochemsha ilikaa muda mrefu bila kuguswa. Hawakuitupa. Walipoipitisha kwenye mashine ya kusaga, ikatoka vipande vyembamba, wakavioka. Wagonjwa wakavipenda. Baadaye wakajaribu na mahindi, na hapo ndipo Corn Flakes zilipotoka.

Sasa shida ikaanza. Will alitaka kutia sukari ili hata wasio wagonjwa wanunue. Daktari akakataa kabisa; kwake sukari iliharibu mwili. Mwaka 1906 Will akafungua kampuni yake, sukari ikaingia, pesa zikafuata. Wakaburutana kortini kuhusu jina la Kellogg hadi 1920, Will akashinda.

Daktari hakuwa malaika. Alihubiri ubaguzi wa rangi na kuuita sayansi. Alifariki 1943 akiwa na miaka 91, bado hajapatana na nduguye. Will naye alifariki 1951, pia akiwa na 91. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta Frosted Flakes, zilizopakwa sukari nje.

Miaka ya 2000 kampuni za Marekani zikaanza kuuza matoleo ya sukari pungufu. Ulipolinganisha maboksi, sukari ilikuwa imepungua kweli, lakini kalori zilibaki karibu zilezile, kwa sababu wanga ulijaza pengo. Daktari alishinda nusu tu.

Kwa hivyo sista, kabla ya kulipa, geuza maboksi yote mawili. Soma jedwali la gramu 100: sukari, kalori, nyuzinyuzi. Sukari ikipungua sana, sawa, beba. Tofauti ikiwa kiduchu, hizo pesa za ziada nunua maziwa, ndizi na unga wa uji.