George Müller, mtu aliyeacha kupiga kura



Juma lililopita, katika chumba cha kulala cha wakubwa, mwenzetu mmoja wa mwaka wa sita alikata karatasi tatu ndogo. Moja aliiandika ualimu, ya pili udaktari, ya tatu biashara. Akaomba, akafunga macho, akakamata moja. Ikatoka biashara. Hakufurahi hata kidogo. Akairudisha, akakamata tena. Tulicheka sana, lakini kisha tukaona haya, sababu siku ya interogasio ya hesabu sisi wenyewe tunafungua Biblia macho yakiwa yamefungwa, tunaweka kidole, tunatafuta kama mstari unasema tutashinda. Ndiyo maana tunapenda kuwahadithia mtu aliyefanya vile vile, tena kwa feza, kisha akajifunza njia ingine.

George Müller alizaliwa mwaka wa 1805 kule Kroppenstedt, katika inchi ya Prusia. Baba yake alikuwa mtu wa kulipisha kodi. Mtoto hakuwa amefika miaka 10, naye alikuwa akiiba feza ya Leta katika mikono ya baba yake. Siku moja baba alihesabu feza, akaiacha makusudi, akamuita mtoto na kumpekua. Kumbe feza iko ndani ya kiatu! Usiku ule mama yake alipokuwa akikata roho, George alikuwa anacheza karata, naye alikuwa na miaka 14. Alipokuwa na miaka 16 akatiwa buloko, sababu alilala katika hoteli akala na kunywa bila kulipa. Na huyu ndiye baba yake alitaka awe mchungaji! Alitaka hivyo kusudi mtoto apate maisha mazuri, naye aweze kukaa kwake katika uzee.

Mwaka wa 1825, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Halle, rafiki alimpeleka jumamosi jioni katika nyumba moja, pahali watu walikutana kwa kusoma na kuomba. Pale aliona mtu akipiga magoti kwa kuomba. Hakuwa ameona vile tangu kuzaliwa. Toka siku ile maisha yake yakageuka.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Akiwa angali mchanga katika imani, alitamani kuwa misionere, lakini hakujua kama Mungu anataka. Kungoja kulimchosha. Basi akanunua tikiti ya loteri ya mfalme, akasema moyoni: kama nikishinda, ni Mungu ananituma. Na kweli alishinda, feza kidogo. Akafurahi, akaandikia chama cha misioni cha Berlin. Wakamkatalia, kwa sababu baba yake hakukubali. Tuangalie vizuri hapa. Tikiti ilisema ndiyo, mlango ukasema hapana. Kiisha alikuja kuona kwamba alitaka jibu la haraka bila kungoja Mungu, na kwamba alikuwa bado hajasoma Biblia vya kutosha.

Kutoka hapo mambo yalienda kwa kupinda-pinda. Walitaka kumtuma Bucharest, vita ya Warusi na Waturuki ikaziba njia. Mwaka wa 1829 akafika London kujifunza kazi ya kuhubiri Wayahudi, akagonjwa, akatumwa Teignmouth kwa bahari apate hewa. Pale akawa mchungaji, akaoa Mary Groves mwaka wa 1830, akaacha mshahara wake. Mwaka wa 1832 wakahamia mji wa Bristol, na pale akakaa mpaka kufa.

Katika Bristol alitaka kufungua nyumba ya yatima. Hakuomba mtu feza, aliomba Mungu tu, na feza ikaja, nyumba ikapatikana, watumishi wakajitoa. Mwezi wa pili 1836 akatangaza siku ya kuandikisha watoto. Akakaa chumbani mwa kanisa, akangoja saa mbili nzima. Hakuna hata mtoto mmoja. Akarudi nyumbani akifikiri njiani, akaona: aliomba feza, aliomba nyumba, aliomba watumishi, lakini watoto wenyewe hakuwaomba. Alizani hao hawatakosa, yatima wako wengi. Usiku ule alijinyenyekeza mbele ya Mungu. Kesho yake wa kwanza akaombewa nafasi, na ndani ya mwezi wakapita 40.

Wahubiri wetu wanapenda kuhadithia mkate na maziwa ya Müller. Sisi tunapenda zaidi habari ya shamba. Mwaka wa 1845 jirani mmoja wa Wilson Street alimwandikia barua ya adabu kwamba watoto wanapiga kelele. Müller hakukasirika, wala hakukimbia kuhama. Alitwaa karatasi, akaandika sababu za kubaki na sababu za kuhama, akaomba juu yake. Kelele ilikuwa ya kweli, na watoto hawakuwa na pahali pa kucheza. Akakata shauri kujenga. Siku ya 36 ya maombi akapata pauni 1,000 mara moja.

Mwezi wa pili 1846 akasikia kuna shamba Ashley Down. Alienda kwa mwenye shamba jioni, hayuko nyumbani. Akaenda pahali pa kazi yake, hayuko. Sisi tungemfuata usiku wote! Müller alisema moyoni kwamba leo si siku ya kumuona, akaenda kulala. Asubuhi mwenye shamba akamwambia kwamba aliamka saa tisa za usiku, usingizi ukamkataa, akafikiri tu habari ya shamba lile. Bei ilikuwa pauni 200 kwa eka. Alikwisha kukata shauri kumwachia kwa pauni 120. Eka zilikuwa karibu 7.

Kwa hiyo msizani alikaa na kukunja mikono. Kwanza alipigana na moyo wake mpaka usipende upande wowote kuliko mwingine, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Alisoma Biblia, akaangalia mambo yanavyokwenda, akaomba, akatumia akili. Akipata amani, tena ikidumu akiomba mara ya pili na ya tatu, alianza kazi. Mambo madogo vilevile, si ya nyumba kubwa tu.

Nyumba ya kwanza ya Ashley Down ilifunguliwa 1849 kwa watoto 300. Mwaka wa 1870 nyumba zilikuwa 5, zenye nafasi ya watoto 2,050. Alikufa tarehe 10 mwezi wa tatu 1898, akiwa na miaka 92. Jioni ya mbele alikuwa kwenye maombi. Katika mikono yake ilipita karibu pauni milioni 1 na nusu. Mali yake mwenyewe, pamoja na vitabu na viti, haikufika pauni 200.

Habari hii tulimhadithia mwenzetu wa karatasi tatu jana usiku. Alinyamaza sana. Kisha akauliza kama barua itafika kwao mbele ya egzameni ya Leta, maana baba yake hajamuuliza shauri hata mara moja. Tulimwambia motokari inapita ijumaa.