Hakimu Samuel Sewall wa Boston

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Wakristo wa Marekani, hasa wa makanisa ya uamsho na karama, wanaoyasimulia mambo ya serikali yao kana kwamba ni vita kati ya malaika na mashetani. Mwezi wa Desemba 2020, baada ya uchaguzi wa Rais, walikuwako waliozunguka majumba ya serikali wakipiga baragumu za pembe, kwa mfano wa Yeriko. Na mwezi mmoja kabla yake mhubiri aliyekuwa mshauri wa Rais alimwombea ushindi mbele ya watu, akitangaza ya kuwa malaika wanakuja kutoka Afrika. Sisi tulipopata habari ile tulistaajabu, tukaulizana kama malaika hawana kazi huku kwetu. Walakini usemi huo si mgeni katika nchi ile. Una umri wa miaka zaidi ya mia tatu, na mtu mmoja aliyeusadiki akiwa ameketi katika kiti cha hukumu, kisha akauona mwisho wake, ndiye tunayetaka kusimulia maisha yake.

Samuel Sewall alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Bishopstoke, tarehe 28 Machi 1652. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alivuka bahari pamoja na mama yake na ndugu zake, wakamfuata baba yao aliyetangulia katika koloni la Massachusetts. Alisoma katika chuo cha Harvard, akamaliza mwaka wa 1671, na ilidhaniwa atakuwa mchungaji. Lakini mwaka wa 1676 alimwoa Hannah Hull, binti wa tajiri aliyefua shilingi za koloni, akaingia katika biashara, na baadaye katika baraza la serikali. Katika usharika wake wa Boston ndiye aliyewaanzishia watu nyimbo kwa miaka mingi. Tangu mwaka wa 1674 hata 1729 aliandika kitabu cha habari za kila siku, na kwa kitabu hicho tunamjua kuliko tunavyowajua wakubwa wengine wa zamani zake. Hakupenda wanaume wavaao nywele za bandia. Wala hakuipenda Krismasi, kwa kuwa Wapuritani walisema haikuagizwa katika Maandiko. Siku hiyo alifurahi akiona maduka yamefunguliwa. Sisi Walutheri tutamsamehe hilo.

Wapuritani waliamini ya kuwa Mungu amefanya agano nao kama na Israeli wa kale. Waliamini pia ya kuwa nchi ile, kabla hawajafika wao, ilikuwa milki ya Shetani, naye sasa amekasirika kwa kunyang'anywa. Mchungaji Cotton Mather wa Boston aliandika kitabu kizima juu ya neno hilo. Basi, kwa watu wenye mawazo hayo, kila msiba wa nchi ulikuwa shambulio la kuzimu. Na misiba ilikuwa mingi. Mwaka wa 1684 mfalme wa Uingereza aliifuta hati ya utawala wao. Kisha ilitokea vita na Wafaransa na Wahindi wekundu, na mwezi wa Januari 1692 mji wa York ulichomwa moto, watu wake wakauawa au kuchukuliwa mateka. Wakimbizi walijaa vijijini na hofu pamoja nao.

Majira hayo hayo, katika kijiji cha Salem, nyumbani mwa mchungaji Samuel Parris, watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka tisa na mwenzake wa kumi na moja, walianza kupiga kelele na kujinyonganyonga viungo. Tabibu aliona ni uchawi. Waliotajwa kwanza walikuwa Tituba mtumwa wa nyumba ile, mwanamke mmoja ombaomba, na mwanamke mwingine mgonjwa. Ndivyo ilivyo sikuzote: hutajwa kwanza asiye na wa kumtetea. Mwezi wa Mei Gavana mpya, William Phips, aliwasili, akaunda baraza la hukumu la mahakimu tisa. Mkuu wao alikuwa William Stoughton. Samuel Sewall alikuwa mmoja wao.

Yatupasa kueleza jinsi walivyohukumu, maana hapo ndipo shina la jambo lote. Wale walioteswa walisema ya kuwa mzuka wa fulani huwajia usiku na kuwakaba roho. Mtu huyo huenda alikuwa amelala kitandani pake na watu wanamwona, haikumfaa kitu. Stoughton alishikilia ya kuwa Mungu hawezi kumruhusu Shetani kuvaa sura ya mtu asiye na hatia. Basi aliyeonekana katika mzuka alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Aliyekiri aliachwa hai ili awataje wengine, aliyekana akanyongwa. Wenye kusema uongo wakaokoka, na waliomwogopa Mungu wasiweze kujisingizia, hao ndio waliokufa.

Tarehe 10 Juni 1692 alinyongwa wa kwanza, Bridget Bishop. Hakimu mmoja, Nathaniel Saltonstall, alijiuzulu asiweze kuyavumilia. Sewall alibaki. Mwezi wa Julai alinyongwa Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mshiriki wa Meza ya Bwana, ambaye wazee wa baraza walikuwa wamemwona hana hatia, wakarudishwa kufikiri tena hata wakageuza neno lao. Tarehe 19 Agosti ilikuwa zamu ya mchungaji George Burroughs, aliyesoma Harvard zamani zile zile za Sewall. Akiwa amesimama penye kamba aliomba Sala ya Bwana pasipo kukosa neno, na wote walisadiki ya kuwa mchawi hawezi kufanya hivyo. Watu wakaanza kulia na kunung'unika. Cotton Mather, juu ya farasi wake, akawatuliza kwa kuwakumbusha ya kuwa Shetani hujigeuza awe malaika wa nuru. Jumla walionyongwa walikuwa 19. Mzee Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hata akafa. Wengine, wasiopungua watano, walifia kifungoni. Walioshitakiwa walipita 150. Mwezi wa Oktoba Gavana alilivunja baraza lile.

Tusidhani ya kuwa mahakimu hao walikuwa watu wabaya. Walifunga, waliomba, walisoma Maandiko asubuhi na jioni. Walijua vema Mtume Paulo aliyowaandikia Waefeso, ya kuwa kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Nao wakalichukua neno hilo hilo kuwa hati ya kuwanyonga wenye damu na nyama. Sisi tuliwahi kuletewa jina la mjane mmoja, kwa sababu mtoto wa jirani yake ameota ndoto. Walioleta jina lile walikuwa waombaji wema wa usharika, nao walitaka tulitangaze. Usiku ule hatukulala, maana tuliona jinsi ilivyo rahisi.

Miaka minne Sewall alinyamaza. Katika mwaka wa 1696 alizaliwa mtoto wake wa kiume amekwisha kufa. Tarehe 23 Desemba akafa binti yake Sarah, mwenye umri wa miaka miwili. Kesho yake, maiti ikiwa bado nyumbani, mwanawe Samuel alisoma sura ya kumi na mbili ya Mathayo, akafika mahali Bwana anapowakemea wale waliowalaumu wasio na hatia kwa kutojua maana ya rehema. Baba akakumbuka Salem, akaogopa sana.

Serikali ilikuwa imetangaza siku ya kufunga kwa ajili ya mambo yale, tarehe 14 Januari 1697. Siku hiyo mchungaji Samuel Willard alipopita, Sewall alimpa mkononi karatasi. Mchungaji akaisoma mbele ya usharika wote, na hakimu akasimama mahali pake hata mwisho, kisha akainama. Katika maneno yale alijitwalia lawama na aibu ya hukumu za Salem, akawaomba watu radhi, akamwomba Mungu asiipatilize nchi wala jamaa yake dhambi hiyo. Wazee kumi na wawili waliokaa katika baraza la Salem nao waliomba radhi. Miongoni mwa mahakimu wote ni Sewall peke yake aliyefanya hivyo hadharani. Stoughton hakutubu hata alipokufa mwaka wa 1701.

Tarehe 24 Juni 1700 Sewall alitoa kijitabu cha kurasa tatu tu, kiitwacho Kuuzwa kwa Yusufu, nacho ndicho cha kwanza kupigwa chapa katika koloni la Massachusetts dhidi ya utumwa. Alisema ya kuwa watu weusi ni wana wa Adamu kama wengine, na wana haki ya uhuru. Hatutaficha ya kuwa katika kurasa zile zile aliandika pia ya kuwa watu weusi hawataweza kamwe kuchanganyika na weupe wakawa taifa moja. Tulisoma maneno hayo kwa uchungu. Hakimu mwenzake, John Saffin, alimpinga kwa chapa mwaka wa 1701, kwa kuwa alikuwa akimzuia mtumwa wake, jina lake Adam, aliyeahidiwa uhuru. Mwaka wa 1703 Adam alipata uhuru wake.

Mwaka wa 1711 serikali iliwapa jamaa za waliohukumiwa pauni 578 na shilingi 12. Sewall aliwekwa kuwa Hakimu Mkuu mwaka wa 1718, akaacha kazi mwaka wa 1728, akafa tarehe 1 Januari 1730, naye amezikwa Boston. Majina ya waliohukumiwa yaliendelea kusafishwa moja moja. La mwisho lilikuwa la Elizabeth Johnson, aliyehukumiwa mwaka wa 1693 asinyongwe. Wanafunzi wa shule moja pamoja na mwalimu wao walimwombea kwa serikali, na sheria ya kumwondolea hatia ilitoka mwaka wa 2022.